Kikombe Kilitangulia Kipimo

Machi 2011, Arusha iligeuka lango la mahujaji. Magari ya kila aina yalishika njia ya Mto wa Mbu, yakapita kando ya Ziwa Natron hadi kijiji cha Samunge, Loliondo. Huko Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) aliyejulikana kote kama Babu, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni kwamba maji ya mizizi ya mugariga yanaponya UKIMWI, kisukari, saratani na magonjwa mengine sugu, mradi kikombe kitoke mkononi mwake. Viongozi wakubwa walikunywa, na wenye fedha waliruka kwa helikopta. Wengi wameeleza wimbi lile kwa umaskini au ujinga, lakini foleni ilikuwa na matajiri na wasomi pia. Sababu ya msingi zaidi ni kwamba eneo hili lina mazoea ya kale ya kumpima mwenye maono kwa namna ambayo hawezi kamwe kushindwa.

Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru, kama Wamaasai ambao lugha yao ni moja, walimheshimu oloiboni, mtabiri aliyesoma mambo kwa kumwaga vijiwe. Mashujaa walimwendea kabla ya vita. Wakirudi na ng'ombe, sifa zilikuwa zake; wakirudi mikono mitupu, palikuwa na sababu nyingine: sharti limevunjwa, au mpinzani wake ameingilia kati. Mbatian, mkuu wa watabiri hao aliyefariki karibu mwaka 1890, anasifiwa kwa kutabiri tauni ya mifugo na ujio wa Wazungu. Yote mawili yalitokea, ila habari za utabiri huo zimetufikia kupitia wasimulizi waliojua tayari yaliyotokea. Wanawe, Senteu na Olonana, walipogombea urithi wake, hakuna aliyewalinganisha kwa usahihi wa utabiri. Waliamua kwa mikuki, na Olonana akapata nguvu zaidi alipoelewana na Waingereza.

Dola nayo haikuleta kipimo bora. Sheria ya Uchawi ya 1928 iliadhibu wanaojidai kuwa na nguvu za kichawi bila kuuliza kama wanaweza wanayoyadai, na sheria ya tiba asili ya 2002 ilijishughulisha zaidi na usajili wa waganga. Kwa hiyo kikombe kilipovuma, wataalamu wa serikali, wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, waliichunguza dawa na kusema haina sumu kwa kiasi kile kinachonywewa. Hilo lilijibu swali la kama inadhuru. Wananchi wakalisikia kama jibu la kama inaponya.

Jaribio lililohitajika halikuwa gumu. Mwaka 1784, tume ya mfalme wa Ufaransa iliyokuwa na Benjamin Franklin na Lavoisier ilichunguza tiba ya nguvu zisizoonekana iliyovumishwa na Mesmer. Wagonjwa walifungwa macho, na ikadhihirika kwamba walitikisika pale tu walipodhani wanatibiwa. Samunge nako ingewezekana kuchukua wenye kisukari au VVU waliokwisha kupimwa, nusu wapewe mugariga na nusu kinywaji kinachofanana nacho, vyote kwa mkono wa Babu, bila yeye wala wao kujua kipi ni kipi, huku wakiendelea na dawa za hospitali, kisha wapimwe upya. Masharti yote yangekubaliwa kabla, ili matokeo yakija asipatikane wa kuyabadilisha.

Wapo watakaosema imani haipimwi maabara. Ni kweli mtu hawezi kupima kama Mungu alisema na mzee ndotoni. Lakini anayesema virusi vimetoweka mwilini amezungumzia damu, na damu hupimwa. Wengine watataja waliopata nafuu. Magonjwa sugu yana siku za kupanda na za kushuka, na mgonjwa huanza safari ndefu pale anapozidiwa, hivyo wengi wangepata nafuu hata bila kikombe. Naye aliyezikwa haji kutoa ushuhuda. Pingamizi la tatu ni kwamba kudai vipimo ni kudharau mila za Kiafrika. Mesmer alikuwa daktari wa Ulaya, na kipimo hakikumwonea haya. Kudharau ni kudhani mganga wetu hastahili kuulizwa swali la maana.

Hasara ya kutouliza inajulikana. Kufikia mwishoni mwa Machi, zaidi ya wagonjwa 50 waliripotiwa kufia kwenye foleni au njiani, baadhi yao wakiwa wametolewa vitandani hospitalini. Utafiti uliofanywa kwa watu wanaoishi na VVU huko Moshi, ukachapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba waliokwenda Loliondo walikuwa walegevu zaidi katika kutumia dawa za kufubaza virusi. Kabla mwaka haujageuka foleni ilikwisha yenyewe, na Mwasapile alifariki Julai 2021 bila dai lake kuthibitishwa. Mwingine atatokea, kwa jina jingine na ndoto nyingine. Serikali, makanisa na misikiti wamwombe kwanza jambo moja: akubali, kabla ya foleni kuanza, ni matokeo gani yatakayoonyesha kwamba amekosea. Akikataa, asitangazwe.