Kilimo cha awali katika pwani ya Dar es Salaam

Kilimo kilienea katika pwani ya Dar es Salaam katika karne za mwanzo baada ya Kristo, wafua chuma waliolima walipoingia katika nchi ya watu walioishi kwa kuwinda, kuokota na kuvua. Alama kuu ya wakulima hao ni vigae vya vyungu vya mtindo wa Kwale, ulioitwa kwa jina la Kwale ya Kenya. Huko Limbo, kusini mwa jiji, mwanaakiolojia Felix Chami alikuta vigae hivyo pamoja na mavi ya chuma kwa wingi. Penye chuma pana shoka na jembe, na msitu unafyekeka.

Mazao yenyewe, mtama, uwele na wimbi, yalibadili maisha kwa sababu yalitaka ulinzi. Nafaka ikianza kukomaa huvamiwa na ndege, ngedere na nguruwe, hivyo mtu hukesha kwenye dungu na watoto hushinda shambani wakiwinga. Kazi hiyo haimruhusu mtu kuhama. Baada ya mavuno huja uchaga wa kuhifadhia nafaka, na hapo ndipo ninapoona badiliko zito kuliko yote: chakula cha miezi kadhaa chenye mwenyewe. Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, hugawana nyama ya mnyama mkubwa kambi nzima. Mwenye uchaga anaweza kukopesha, kunyima, au kuibiwa. Aliyefyeka pori naye akapata haki juu ya shamba, na haki hiyo ikawa jambo la ukoo.

Uokotaji haukukoma. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, watu waliendelea kuwinda karne nyingi baada ya nafaka kufika, na Kunduchi na Mbweni, maji yakipwa, wanawake bado hutoka kutafuta chaza na pweza.

Muhogo, ulioletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika baada ya mwaka 1500, ulipunguza mzigo wa ulinzi. Hukaa ardhini hadi unapohitajiwa, ndege hawauli, na hauhitaji uchaga. Anayebaki kuogopwa zaidi ni nguruwe. Ndiyo maana pembezoni mwa Kinondoni na Temeke viwanja visivyojengwa hupandwa muhogo hata pale mwenye shamba anapolala mbali nalo.