Njia ya Hewani toka London hata Cape Town

Watu husema kwamba eropleni imeufupisha ulimwengu. Neno hili na tulifikiri vema. Toka London hata Cape Town, ukipima moja kwa moja, ni maili 6,000 kwa kadiri, wala hazijapungua hata moja. Zilizopungua ni siku. Ni nani basi aliyezipunguza?

Zamani meli ya barua ilikwenda siku 17 hivi. Tarehe 4 Februari 1920 watu wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Uingereza kwa eropleni iitwayo Silver Queen. Walipofika Korosko, kusini ya Misri, maji ya kupoza mashine yalivuja, wakashuka kwa shida, eropleni ikavunjika. Wakapewa ya pili, wakapita Kisumu na Abercorn, ndiyo Mbala ya sasa. Nayo ikaanguka Bulawayo. Kwa ya tatu wakafika Cape Town tarehe 20 Machi.

Tufanye hesabu. Safari nzima ilikuwa siku 45, lakini saa walizokaa hewani ni 109 na nusu tu, hazitimizi siku tano. Siku 40 zilipita wakiwa chini. Kumbe njia ya hewani yategemea sana nchi iliyo chini yake! Eropleni za siku zile hazikuweza kuchukua mafuta mengi. Zilitaka mahali pa kushukia mara kwa mara.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1919 Waingereza walitengeneza viwanja toka Misri hata kusini. Huko Ndola, katika nchi ya Zambia, watu 700 walifanya kazi toka Aprili hata Agosti. Palikuwa na vichuguu vingi, vingine vyapata futi 25 kwenda juu. Waliondoa udongo tani 25,000 kwa kadiri, yaani tani 35 na zaidi kwa kila mtu. Aliyepata kuvunja kichuguu shambani mwake ajua ugumu wa kazi hiyo.

Mwaka 1932 eropleni za barua, na baadaye za abiria, zilianza kwenda njia hiyo kwa zamu, zikishuka Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Abiria walisafiri siku 11 hivi, na sehemu ya njia huko Ulaya walipanda gari la moshi. Siku hizi eropleni yaruka pasipo kushuka popote, yafika kwa muda wa saa 11 na nusu au 12.

Van Ryneveld na Brand walipewa fedha na cheo, nao walistahili, maana walihatarisha roho zao. Lakini tuwafundishapo watoto wetu habari hizi, tusiwaache nje wale 700 wa Ndola. Rubani hupita juu kwa saa chache; aliyemsawazishia mahali pa kushuka alitoa jasho miezi mitano. Wote wawili ndio waliozipunguza siku.