Matuta ya Uluguru na tope la masika

Masika yakikolea, mtembea kwa miguu mjini Morogoro huiona historia ya mlima ikipita mtoni. Akianzia stesheni ya zamani, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1907, apite Soko Kuu la Chifu Kingalu lililozinduliwa Februari 2021, penye marundo ya ndizi, njegere na karoti za Mgeta, kisha apandishe kuelekea Rock Garden, atakuta Mto Morogoro umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa Uluguru unaoelekea Mto Ngerengere, na hatimaye Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji. Tope likionekana, lawama humwangukia mkulima wa mlimani: analima miteremko, anachoma moto, hasikii. Lawama hizo ni za tangu enzi za mkoloni, na zilikwisha kugharimu uhai wa mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, na kiini chake kikawa matuta ya ngazi. Kila kaya ilitakiwa kuchimba, tena bila malipo. Roland Young na Henry Fosbrooke, walioandika kitabu juu ya mkasa huo mwaka 1960, wanasisitiza kwamba serikali ilitoa amri kupitia machifu iliowapa madaraka yenyewe, ilhali ardhi ya Waluguru ilikuwa ya koo, zinazofuata upande wa mama. Chifu aliagiza kazi katika shamba asilolimiliki. Zaidi ya hapo, udongo wa juu mlimani ni mwembamba. Jembe likichimba ngazi, udongo wenye rutuba hufukiwa na ule mkavu wa chini hubaki juu. Mama aliyetoa jasho msimu mzima alivuna kidogo kuliko jirani yake mkaidi. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa.

Serikali ilidai kwamba ni uchochezi wa chama cha TANU. Ni kweli chama kilinufaika na hasira hizo, lakini kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kisingeweza kuwasha moto pasipo kuni. Hoja nzito zaidi ni kwamba mmomonyoko ulikuwepo kweli, na bado upo, hivyo huenda wataalamu walikuwa sahihi na wakulima wabishi. Jibu lilipatikana nusu karne baadaye. Katika mradi wa CARE na WWF, wakulima wa Kibungo Juu walilipwa ili wahifadhi ardhi, kwa fedha zilizochangiwa na DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam, na Coca-Cola. Safari hii walichimba matuta, yakiwemo ya ngazi, na wakapanda miti bila askari kusimama shambani. Mlima ni uleule. Kilichobadilika ni nani anayebeba gharama.

Mradi uliisha, na miradi ina desturi ya kuondoka na magari yake. Mamlaka za maji za Morogoro na Dar es Salaam zitenge fungu la kudumu katika ankara tunazolipa kila mwezi, na fungu hilo limfikie mkulima wa Uluguru mkononi kabla masika mengine hayajaanza.