Tumeshangilia mafuvu, tukasahau majani

Wasee, bado mnaikumbuka ile hadithi ya somo la historia? Zamani Afrika Mashariki ilikuwa msitu mtupu. Mvua ikapungua, miti ikaisha, nyasi zikaingia, mababu zetu wakashuka chini wakaanza kutembea kwa miguu miwili. Mwalimu akafuta ubao, tukaenda kula. Mimi niliiandika hivyo hivyo kwenye mtihani na nikapewa alama zote.

Shida ni kwamba majani yanakataa.

Naongelea visukuku vya mimea: majani, mbegu, matunda na mashina yaliyofunikwa na tope au majivu ya volkano, yakageuka mawe au yakaacha chapa ndani ya mwamba. Kenya tuko navyo, lakini nani anavijua? Fuvu likipatikana Turkana kila mtu anaposti. Jani likipatikana, kimya. Na fuvu linakuambia tu nani alikuwa hapo. Jani ndilo linakuambia hapo palikuwaje.

Chukua Baringo. Leo ukishuka chini ya Milima ya Tugen unakutana na migunga, mbuzi na vumbi. Sasa, mahali panapoitwa Kabarsero, majivu ya volkano yalifunika msitu zaidi ya miaka milioni 12 iliyopita na kuyahifadhi majani palepale. Mwaka wa 1987, Bonnie Jacobs kutoka Marekani na Christine Kabuye, Mganda aliyeongoza hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa pale Nairobi, waliandika juu yake. Ulikuwa msitu wa mvua, wenye undugu na misitu ya leo ya Afrika ya Kati na Magharibi. Mmea mmoja wakaupa jina Pollia tugenensis. Ni wa ukoo mmoja na mukengeria, lile gugu ambalo cucu hung'oa shambani akilalamika. Manze, binamu wa mukengeria amepewa jina la Watugen na sisi hatuna habari!

Wanajuaje kulikuwa na mvua? Wanaangalia jani lenyewe. Penye mvua nyingi majani huwa mapana, na mengi huwa na ncha ndefu ya kumwaga maji, kama mdomo wa birika. Penye ukame jani hubana matumizi: linakuwa dogo ili lisipoteze maji. Halafu kuna ukingo. Penye baridi miti mingi huwa na majani yenye meno kama msumeno, penye joto mengi huwa laini. Jani moja halitoshi. Unakusanya ya aina nyingi, kisha unapiga hesabu ya mvua na joto.

Kwenye milima hiyohiyo kuna Waril, ya karibu miaka milioni 9, na Kapturo, ya karibu milioni 7. Huko majani ni madogo, ya nchi yenye kiangazi kikali. Utasema, si ndiyo hadithi ya mwalimu?

Subiri. Rudi nyuma hadi miaka milioni 18, kisiwa cha Rusinga, wakati Ziwa Victoria lilikuwa halijazaliwa. Huko kuna visiki vya miti na mizizi yake bado mwambani, msitu mzito, na katikati yake mifupa ya Ekembo, yule sokwe wa kale ambaye Mary Leakey alipata fuvu lake mwaka wa 1948 likaitwa Proconsul. Lakini tabaka zingine za kisiwa hichohicho zinaonyesha mahali pa wazi zaidi. Na mwaka wa 2023 watafiti waliofanya kazi Kenya na Uganda walitangaza kwamba nyasi za nchi za joto zilikuwa hapa tayari miaka milioni 21 iliyopita, miaka milioni 10 mapema kuliko ilivyodhaniwa. Walizijua kwa alama ya kaboni iliyobaki kwenye udongo wa kale, na kwa vichembe vya kioo ambavyo mimea hujenga ndani ya mwili wake.

Kwa hivyo nyasi zilitangulia, na msitu wa Baringo ulikuwa bado unanyeshewa miaka milioni 9 baadaye. Ilikuwa nchi ya viraka: msitu hapa, nyasi pale. Kile kitabu cha historia kinafaa kuandikwa upya, hata kama alama zangu zitarudishwa.

Na wewe unayeniandikia kila wiki ati hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani, kwa hivyo tutulie: ni kweli imebadilika. Kati ya msitu wa Kabarsero na majani madogo ya Waril kuna takriban miaka milioni 3. Sisi tunaona mito ikikauka ndani ya maisha ya cucu mmoja.

Ukiwa Baringo, upasue jiwe uone mishipa ya jani, usilitie kwenye begi. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inakataza, na jani likitolewa kwenye tabaka lake haliwezi tena kusema ni la lini. Piga picha, liache palepale, waambie watu wa makumbusho. Halafu unitag.