Kikosi: istilahi kwa wacheza gemu

Kwenye vibanda vya gemu vya Tandika, Mbagala na Mwananyamala, Dar es Salaam, skrini kubwa ni za mpira. Vijana wanalipia mechi, wanashika pedi, na anayefungwa anampisha mwenzake. Pembeni, kwenye simu za mkononi, inachezwa gemu ya namna nyingine, na mtu anaweza kukaa nayo kimya kimya kwa miezi: ile ya kunasa mazimwi, kuyalea na kuyaingiza vitani. Maarufu kuliko zote ni Pokémon, iliyotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kazi ya Satoshi Tajiri na wenzake wa Game Freak. Jina lake ni kifupisho cha maneno yenye maana ya mazimwi ya mfukoni.

Nataka tuzungumzie lile kundi dogo la mazimwi ambalo mchezaji anatembea nalo. Kwa Kiingereza huitwa “party”, na mfasiri akifungua kamusi atakutana na chama au karamu. Yote mawili hayafai. Ninashauri tuliite kikosi, na kazi ya kulitafutia mazimwi yake tuiite kusuka kikosi.

Kwanza tuione kazi yenyewe. Gemu ya mwaka 1996 ina mazimwi 151. Mchezaji anaweza kunasa mengi atakavyo, ila anatembea na 6 tu. Mengine yanabaki ghalani, kwenye kompyuta iliyomo ndani ya gemu, ambayo katika toleo la Kiingereza ina masanduku 12 ya nafasi 20 kila moja. Kila zimwi nalo linabeba mbinu 4, halizidishi. Ukitaka kulifundisha ya tano, lazima ufute moja.

Kisha kuna asili. Wengi huandika “aina”, nami sikubaliani nao, kwa sababu aina tunaihitaji kwa jambo jingine: Pikachu ni aina ya zimwi, umeme ndio asili yake. Asili zilikuwa 15 mwanzoni, na tangu mwaka 2013 zimefika 18. Maji yanazima moto, moto unaunguza majani, majani yanayashinda maji. Pigo lenye asili inayomwelemea mpinzani huumiza mara 2. Mpinzani akiwa na asili mbili na zote zikawa dhaifu kwa pigo hilo, huumia mara 4. Na yapo mapigo yasiyofua dafu kabisa, kama umeme juu ya zimwi la ardhi. Kwa hiyo mazimwi 6 yenye nguvu, yote ya asili moja, yanaweza kufagiliwa na mpinzani mmoja wa kawaida tu aliyeyapata kwenye udhaifu wao.

Toleo la njano la mwaka 1998 linaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Humo mchezaji anaanza na Pikachu, hana hiari. Kigogo wa kwanza atakayekutana naye ni Brock, mwenye Geodude na Onix, ambao wote wana asili ya mwamba na ardhi. Umeme wa Pikachu hauwagusi. Mwenye haraka anapigwa, anarudi, anapigwa tena, halafu anasema gemu ni ngumu. Mwenye subira huchepuka kwanza upande wa magharibi wa mji wa Viridian, akaingia majanini na kumnasa Mankey, ambaye mateke yake yanavunja mwamba. Hajapata zimwi kali kuliko Pikachu. Amepata linaloziba pengo la Pikachu, na hiyo ndiyo maana yote ya kusuka.

Msemo huu sikuutunga. Kila dirisha la usajili likifunguliwa, kurasa za Mwanaspoti na redio za Dar es Salaam husema kocha wa Simba au wa Yanga anasuka kikosi. Siku ya mechi ikifika, kocha huyohuyo anapanga kikosi. Vitenzi ni viwili na kila kimoja kina kazi yake. Kusuka ni kazi ya muda mrefu: nani aingie, nani aachwe, nani anamfidia nani. Kupanga ni uamuzi wa leo, dhidi ya mpinzani wa leo. Kwenye mashindano rasmi ya Pokémon ya kupigana wawili kwa wawili, kila mchezaji anakuja na mazimwi 6, anaonyeshwa 6 ya mwenzake, ndipo anachagua 4 ya kuingiza: 2 yanaanza, 2 yanakaa benchi. Shabiki yeyote wa Temeke aliyewahi kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa atauelewa utaratibu huo bila kufundishwa.

Vijana wengi husema “timu”, na wanaelewana. Siwakatazi. Tatizo ni kwamba timu ni Yanga nzima, pamoja na waliotolewa kwa mkopo. Kikosi ni waliochaguliwa, wana ukomo wa idadi, na kila mmoja ana kazi anayoulizwa. Tena neno lenyewe lilitokea jeshini kabla ya kuingia uwanjani, na bado tunalo katika kikosi cha zimamoto na kikosi cha usalama barabarani. Gemu hii ni ya vita na ni ya ushindani. Neno moja linabeba yote mawili.

Ukishalichukua neno, majina ya nafasi yanakuja yenyewe. Tandika nilimsikia kijana akimwelekeza mwingine mdogo kuliko yeye, wote wameinamia simu moja.

“Kaka, mbona huyu mnene umemweka? Spidi hana.”

“Huyo ni kisiki, dogo. Anakula kipigo wenzake wapumue.”

Alikuwa anamwonyesha Snorlax, ambaye kiwango chake cha msingi cha uhai ni 160. Kisiki, kama beki kisiki. Hakuna mtaalamu wa istilahi ambaye angelipata neno zuri kuliko hilo akiwa mezani kwake. Kinyume cha Snorlax ni Alakazam: spidi 120, ulinzi 45, anapiga kabla hajapigwa, lakini akiguswa kisawasawa haamki. Huyo ni mmaliziaji. Yule anayemlaza mpinzani usingizi au kumtia sumu ili wengine wapate njia ni kiungo.

Nafasi moja mpira hauna jina lake. Kwenye gemu za mwanzo zipo mbinu 5 za safarini: kukata miti, kuogelea, kuruka, kusukuma mawe na kumulika gizani. Bila zimwi kikosini linalozijua, baadhi ya njia hazipitiki. Wachezaji wengi humtwika mnyonge mmoja mbinu hizo ili wapiganaji wasipoteze nafasi zao 4. Huyo ni mpagazi, na neno hilo linatupeleka Bagamoyo, kwenye misafara ya karne ya 19 iliyokwenda Tabora na Ujiji ikiwa na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele na wapagazi nyuma.

Hapa kikosi kinapata mpinzani wa kweli, yaani msafara. “Party” iliingia kwenye magemu kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Marekani wa mwaka 1974, ambamo mpiganaji, mchawi na kasisi wanasafiri pamoja, kila mmoja akichezwa na mtu wake. Kundi la namna hiyo ni msafara hasa: watu wazima wenye nia zao, njia moja, hatari moja. Kwenye Pokémon anayesafiri ni mmoja, mazimwi yake yapo mfukoni, na yeye ndiye anayeamua nani atoke. Huyo ana kikosi. Maneno haya mawili yasigombane, kila moja libaki kwenye gemu yake.

Kuhusu zimwi, najua wapo watakaosita, maana zimwi la hadithi za bibi linakula watu. Lakini jini lina uzito wa kidini, na dubwana ni kubwa mno kwa kiumbe kama Pikachu. Zimwi tumeshazoea kuishi nalo hata kwenye methali, lile likujualo ambalo halikuli likakwisha.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina jukumu la kusanifu istilahi, nami ningependa lifike kwenye vibanda hivi. Neno hukaa linapopata kazi: kishikwambi kilizoeleka pale makarani wa Sensa ya 2022 walipokuja nacho mlangoni, wakati tarakilishi mpaka leo inasukumana na kompyuta. Kikosi, kisiki na mmaliziaji vina kazi tayari. Wewe unayetengeneza gemu Dar es Salaam, unayefasiri maelekezo au unayetangaza mashindano ya vijana wa Kinondoni na Temeke, anza kuyaandika maneno haya kwenye skrini yako.