Wakati kuacha patron ilikuwa kosa la gereza

Bandugu, tunasoma mambo mingi juu ya shaba ya Katanga, lakini moja haisemwi sana: kuna wakati hapa kwetu mufanyakazi akiacha kazi mbele ya kontra kuisha, alifungwa. Sheria ya kikoloni ya 1922 juu ya kontra za kazi iliruhusu kumuazibu kwa faini ao gereza. Leo ukikosana na patron, ni mambo ya bei na karatasi. Ile wakati ilikuwa mambo ya polisi.

Tuanzie nyuma kidogo. Union Minière ilianzishwa 1906. Mu 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, na mwaka uleule ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta watu wa kupeleka mu mines. Walitafutwa mbali, hadi Lomami. Mara mingi aliyeombwa vijana ni chefu, na kijana mwenyewe hakuulizwa. Walitembea kwa miguu siku na siku. Mu kambi walikutana na kichomi na kuhara damu, na mu 1918 ile grippe ya dunia nzima ikawamaliza wengi.

Basi walikimbia. Mu makaratasi ya wakubwa ilikuwa inaitwa « désertion », sawa vile askari aliyetoroka vita. Angalia hilo neno vizuri: muntu anatafuta mushahara na chakula bora, wanamuandika kama musaliti.

Wengi wa wale wachimbaji wa zamani walitoka Rhodesia ya Kaskazini, njo Zambia ya leo. Kwenye mwisho wa miaka ya 1920, mines za Roan Antelope na Nkana zilipoanza kujengwa, walipata kazi karibu na kwao. Union Minière ikabaki na tatizo: kila mara kutafuta watu wapya, kuwafundisha, halafu wanakufa ao wanakwenda. Tangu 1928 hivi ikabadilisha njia: kontra ya miaka mitatu, bibi anaruhusiwa kuja, nyumba, posho, hospitali.

Wazee wetu wengine wanasimulia hiyo kama wema wa Wabeleji. Mimi sikubali. Ile nyumba ilikuwa bei ya kumufanya muntu asiondoke, na walioipandisha ni wale waliokuwa wanaondoka. Tena haikuwa uhuru: mu Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kuomba mushahara, askari waliwapiga risasi hapa Elisabethville.

Kwa nini ninachimba haya? Juu ile woga imebaki mu manyumba yetu. Nilipoacha patron mmoja hapa mujini, aliyelipa mwezi mmoja na kuruka miwili, na diplome yangu amefungia mu kabati « kwa usalama », jamaa ilisema nimetoroka kazi. Nimetoroka! Wakati nilikuwa nimeandika barua, na kazi nyingine, yenye kulipa kila mwezi, ilikuwa inaningoja.

Na sheria ya leo iko wazi, ni sisi hatuisomi. Code du travail ya 2002 inakataza kazi ya lazima. Mu kontra isiyo na mwisho, patron akitaka kukutoa anakupa preavis ya siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila mwaka mzima uliofanya. Ukiondoka wewe mwenyewe, unatoa nusu tu ya hiyo. Hesabu: umefanya miaka miwili, yeye anakudai siku 14. Basi. Halafu anapashwa kukupa certificat ya kazi uliyofanya, hata kama amekasirika. Barua ya preavis fanya kopi mbili, na ile yako apige sahihi ya kupokea na tarehe, juu siku zinahesabiwa kuanzia kesho yake.