UPR Ni Nini? Vile Nchi Huulizana Maswali Geneva, na Inakuhusu Aje Ukiwa Thika ama Ruiru

Ushawahi kaa kwa chama? Zamu yako ikifika unasimama, unaeleza pesa ulipeleka wapi, wenzako wanakuuliza maswali. UPR iko hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wanachama ni nchi 193 na hesabu inayoulizwa ni ya haki za binadamu.

Ilianza lini?
2006, Umoja wa Mataifa ulipounda Baraza la Haki za Binadamu. Kila nchi, iwe kubwa ama ndogo, inatakiwa kukaguliwa karibu kila miaka minne na nusu.

Inaendeshwa aje?
Ripoti tatu huwekwa mezani: ya serikali, ya mashirika ya UN, na ya watetezi wa haki pamoja na tume kama KNCHR. Halafu kwa saa tatu na nusu nchi zingine zinauliza maswali na kutoa mapendekezo. Anayekaguliwa anaweza kukubali pendekezo, ama aseme tu amelisikia.

Kenya imesimama mara ngapi?
Nne: 2010, 2015, 2020 na Mei 2025. Hii ya mwisho ilikuja baada ya maandamano ya Gen Z ya Juni 2024, kwa hivyo utekaji wa vijana na nguvu za makarao ziliguswa sana. Kenya ilitia saini mkataba wa kuzuia watu kupotezwa tangu 2007, lakini ilifika Geneva bado haijauridhia.

Inabadilisha kitu?
Polepole. 2017 Kenya ilipata Sheria ya Kuzuia Mateso, kitu wenzake walikuwa wameisukuma ifanye. Karao akikutesa seli ndio ukubali kosa, hilo ni kosa lake. Adhabu ya kifo nayo huulizwa kila awamu. Mara ya mwisho Kenya kunyonga watu ilikuwa 1987, lakini bado iko kwa sheria. Na haya si mambo ya mbali: Thika kuna jela, na Ruiru ndiko askari jela hufunzwa kazi.

Sasa wewe unafanya nini?
Geneva haiwezi kushika mtu. Nguvu yake ni kwamba serikali imejibu hadharani na majibu yameandikwa. Mapendekezo ambayo Kenya ilikubali yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Mheshimiwa akikuja kuomba kura stage ya Ruiru, usimuulize tu barabara. Muulize ni gani ametekeleza.